Kioo cha Utakatifu: Habari za Yezu katika Kitabu cha Kiajemi

Katika mji wa Cleveland, nchi ya Marekani, kuna nyumba kubwa ya kuhifadhi kazi za sanaa za mataifa mbalimbali. Tangu mwaka 2005 nyumba hiyo yatunza kitabu kilichoandikwa kwa mkono yapata miaka mia nne iliyopita, kwa lugha ya Kiajemi, nacho kimepambwa kwa dhahabu na picha za rangi. Mtu asiyejua lugha hiyo akikifunua ataona herufi zinazoinama kama matawi yaliyopigwa na upepo, zikienda kutoka kuume hadi kushoto, naye atadhani ni kitabu cha mashairi ya wafalme wa Mashariki. Lakini akizitazama picha vizuri atashangaa, kwa maana atamwona Mama na Mtoto wake, na watu walioijia nyumba ya kimaskini kumwabudu.

Kitabu hicho chaeleza maisha ya Bwana wetu Yezu Kristu, miujiza yake na mafundisho yake. Jina lake kwa Kiajemi ni Mir'at al-quds, maana yake Kioo cha Utakatifu. Aliyekitunga alikuwa padri wa Shirika la Yezu. Aliyemsaidia kukitia katika Kiajemi kizuri alikuwa mwalimu Mwislamu. Naye aliyekitaka kiandikwe alikuwa mfalme asiyejua kusoma.

Wasomaji wapenzi, twapenda kuwaeleza namna kitabu hiki kilivyozaliwa na mambo yaliyokipata, kwa sababu historia yake yatuuliza swali ambalo kila katekista amejiuliza akirudi nyumbani jioni: kazi ya Injili yapimwa kwa kipimo gani? Mfalme yule hakubatizwa. Mwalimu yule hakubatizwa. Je, padri alipoteza miaka yake bure?

Mfalme aliyewaita mapadri

Mfalme huyo aliitwa Akbar. Alizaliwa mwaka 1542, akatawazwa mwaka 1556 akiwa kijana wa miaka 13, akatawala sehemu kubwa ya Uhindi ya kaskazini mpaka alipokufa mwaka 1605. Ukoo wake ulitoka Asia ya Kati, dini yao ilikuwa Uislamu, nayo lugha ya ikulu yao ilikuwa Kiajemi. Raia zake wengi walikuwa Wahindu.

Akbar alikuwa mtu wa maswali mengi. Mwaka 1575, katika mji wake wa Fatehpur Sikri, alijenga nyumba ya mazungumzo ya dini. Kwanza aliwakusanya humo wataalamu wa Kiislamu peke yao. Baadaye aliwaita na wengine: Wahindu, Wajaini, na Waparsi wafuatao dini ya kale ya Uajemi. Usiku ukiingia aliketi katikati yao akiuliza huyu na kumjibisha yule. Mwaka 1579 alituma mjumbe mpaka Goa, mji wa Wareno pwani ya Uhindi, akiwaomba mapadri wampelekee watu wenye elimu pamoja na vitabu vya Torati na Injili.

Ndipo walipokwenda Padri Rodolfo Acquaviva, Mwitalia, na Padri Antonio Monserrate, mtu wa Katalonia, pamoja na Padri Francisco Henriques aliyezaliwa Mwajemi, awe mkalimani wao. Walifika mwaka 1580 wakiwa na zawadi kubwa: Biblia iliyopigwa chapa mjini Antwerp kati ya mwaka 1568 na 1572, yenye maneno matakatifu kwa Kiebrania, Kigiriki, Kilatini na lugha nyingine za kale. Padri Monserrate ameandika kwamba mfalme alivua kilemba chake, akaviweka vile vitabu kichwani, kimoja kimoja, akavibusu. Kisha akauliza ni kipi chenye Injili, na hicho akakiheshimu kupita vingine.

Hapo palikuwa na heshima kubwa, na tena palikuwa na shida kubwa. Kitabu kile kilibusiwa, lakini katika ikulu nzima wenyeji hawakuweza kukisoma. Kilikuwa kama sanduku la dhahabu lisilo na ufunguo. Wachoraji wa mfalme walifaidi picha zilizopigwa chapa ndani yake, wakaziiga. Bali maneno yalikaa kimya.

Padri Acquaviva aliondoka mwaka 1583 bila kumbatiza mfalme, na mwaka uleule akauawa pamoja na wenzake huko Cuncolim, karibu na Goa. Mwaka 1893 Kanisa lilimtangaza kuwa Mwenye Heri. Mapadri wengine walitumwa mwaka 1591, nao hawakukaa. Mwaka 1595 msafara wa tatu ulifika katika mji wa Lahore, ambako mfalme alikuwa akikaa siku hizo. Kiongozi wake alikuwa Padri Jerónimo Xavier.

Padri arudi shuleni

Padri Xavier alizaliwa mwaka 1549 katika nchi ya Navarra, Hispania, katika ukoo mmoja na Mtakatifu Fransisko Xavier aliyekuwa kaka wa bibi yake. Alipofika Lahore alikuwa na miaka 46. Umri huo, wengi wetu twapenda kufundisha kuliko kufundishwa. Lakini yeye aliketi kama mtoto wa darasa la kwanza, akaanza kujifunza Kiajemi, kwa sababu aliona yaliyowapata waliomtangulia. Mwenye kusema kwa kinywa cha mkalimani hula kwa mkono wa mwenziwe: hashibi.

Mfalme naye aliona hivyo. Alimteua mtu mwenye elimu, jina lake Abd al-Sattar ibn Qasim, wa Lahore, akamwamuru ajifunze Kilatini kwa Padri Xavier, kusudi elimu ya Wazungu iingie katika Kiajemi. Basi, watu wawili hao wakawa kila mmoja mwalimu na mwanafunzi wa mwenzake. Padri alimfundisha Abd al-Sattar Kilatini. Abd al-Sattar alinyosha Kiajemi cha Padri. Mwaka 1603 Abd al-Sattar alimaliza kitabu chake mwenyewe juu ya wafalme na wenye hekima wa Ugiriki na Roma, kilichotoka katika masomo hayo.

Mwaka 1602, katika mji wa Agra, Kioo cha Utakatifu kilikwisha, kikatolewa kwa mfalme. Kina sehemu nne. Ya kwanza ni habari za Bikira Maria, kuzaliwa kwa Yezu na utoto wake. Ya pili ni miujiza na mafundisho yake. Ya tatu ni mateso na kifo chake. Ya nne ni ufufuko wake na kupaa kwake mbinguni. Katika utangulizi Padri anakumbusha masimulizi ya kale juu ya Abgar, mfalme wa Edessa, aliyetamani kumwona Yezu akatuma watu kwake, na mchoraji wake alishindwa kuuchora uso wa Bwana. Padri alimfananisha Akbar na Abgar huyo: mfalme wa mbali anayetaka kuuona uso asioweza kuufikia. Ndiyo sababu ya jina la Kioo. Atakayetazama ndani yake ataona sura.

Tuangalie busara ya kuchagua maneno. Wasomaji wa Kiajemi walikuwa na jina la Isa tangu zamani, na jina la Maryam, na neno Injili. Walikuwa hata na semi nyingi za hekima walizozihesabu kuwa za Isa. Juu ya lango kuu la msikiti wa Fatehpur Sikri kuna maandishi ya Kiajemi ya mwaka 1601 yanayosimulia kwamba Isa alisema dunia ni daraja, mtu avuke lakini asijenge juu yake. Neno hilo halimo katika Injili zetu nne. Lakini latuonyesha kwamba Padri Xavier hakuingia katika shamba lisilolimwa. Watu walilijua jina, walilipenda, walikuwa na akiba ya semi. Kazi yake ilikuwa kuwaletea habari nzima: aliyesema ni nani, aliyasema wapi na kwa nani, tena alikufa namna gani, na kwa nini alifufuka. Juu ya msalaba, hapo hasa, ndipo wasomaji wake walipotofautiana naye, kwa maana Waislamu hawakubali kwamba Isa alisulibiwa. Padri aliijua tofauti hiyo, wala hakuikwepa. Sehemu nzima ya tatu ni mateso na kifo.

Mikono mingi juu ya ukurasa mmoja

Siku hizi kitabu chapigwa chapa kwa saa chache. Kitabu cha mfalme wa Uhindi kilipita katika mikono mingi, nasi tutaje kazi hizo, maana jasho la mafundi ni sehemu ya historia.

Kwanza mtu aliitengeneza karatasi, akaipaka wanga, akaisugua kwa jiwe laini mpaka ikang'aa na kalamu ikateleza bila kukwama. Kisha akaja katibu, yaani mwandishi, na kalamu yake ya tete iliyokatwa mshazari, akaandika herufi zile zinazoinama ziitwazo nastaliki. Baada yake akaja fundi wa dhahabu. Kwa Kiajemi huitwa muzahhib, na katika jina hilo msikilizaji wa Kiswahili atalisikia neno letu dhahabu. Yeye alisaga karatasi nyembamba za dhahabu pamoja na gundi mpaka zikawa kama wino, akapamba kichwa cha sura na pembezo za ukurasa, kisha akaisugua dhahabu kwa jiwe gumu ipate kuwaka. Halafu akaja mchoraji wa picha, na brashi ya manyoya machache ya mnyama mdogo kama kindi. Rangi ya buluu ilitoka katika jiwe linalochimbwa milimani Badakhshan, katika nchi iitwayo leo Afghanistan. Mwishoni mshonaji alizifunga karatasi katika ngozi.

Abu'l Fazl, mwandishi wa habari za Akbar, asema kwamba wachoraji waliofikia ubingwa katika ufalme huo walipita 100. Wengi wao walikuwa Wahindu. Mmoja wao, Kesu Das, alikuwa ameiga picha ya Mtakatifu Mateo na malaika kutoka karatasi iliyochapwa Ulaya. Basi fikirini: padri Mhispania alitunga, Mwislamu wa Lahore akanyosha lugha, na wachoraji ambao hawakuwa wakristu wakachora Kuzaliwa kwa Bwana. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa.

Nakala iliyoko Cleveland, wataalamu waona kwamba ilitengenezwa kati ya mwaka 1602 na 1604 mjini Allahabad, na wachoraji wa Salim, mwana wa mfalme, aliyekuwa amemwasi baba yake akajifanyia ikulu yake huko. Ina picha zaidi ya 20. Ndani yake majengo na miti ni ya Uhindi, na nguo nyingi za watu zafanana na za Wazungu walioonekana na wachoraji wale. Nakala nyingine yenye picha imehifadhiwa mjini Lahore.

Matunda na miiba

Salim alipata ufalme mwaka 1605 akajiita Jahangir. Alipenda picha takatifu kama baba yake, akazitia hata katika kuta za majumba yake. Mwaka 1610 aliruhusu wana watatu wa ndugu yake marehemu Daniyal wabatizwe katika Agra. Walipewa majina ya Kireno, na mji wote ulitazama wakienda kanisani. Mapadri waliona alfajiri imefika.

Alfajiri hiyo haikuona mchana. Vijana wale hawakubatizwa kwa kiu ya roho zao. Ilikuwa shauri la ikulu, na baada ya miaka michache walirudisha misalaba yao. Tena mwaka 1613 Wareno waliikamata meli kubwa iliyoitwa Rahimi karibu na bandari ya Surat. Meli hiyo ilikuwa mali ya mama yake Jahangir, nayo iliwachukua mahujaji wa Maka. Mfalme alikasirika sana. Aliamuru makanisa yafungwe, akawaondolea mapadri msaada wake.

Tuseme kweli bila kuficha: aliyefunga makanisa ya Agra si Mwislamu aliyechukia Injili. Kanisa lilifungwa kwa sababu watu waliobatizwa waliteka meli ya watu waliokwenda kusali. Padri alijenga miaka 18 kwa kalamu. Wenye mizinga walibomoa kwa siku moja. Baada ya hayo Padri Xavier alirudi Goa, akafa huko mwaka 1617.

Na kitabu chake? Kilisafiri kuliko yeye. Mwaka 1639, katika mji wa Leiden nchi ya Uholanzi, mchungaji wa Kikalvini jina lake Louis de Dieu alikipiga chapa kwa Kiajemi na Kilatini. Lakini hakukipiga kwa kukisifu. Katika kichwa cha kitabu chenyewe aliandika kwamba habari za Kristu zimechafuliwa humo kwa namna nyingi. Shtaka lake lilikuwa hili: Padri amechanganya maneno ya Injili na masimulizi yasiyo katika Biblia, kama yale ya utoto wa Maria na ya mfalme Abgar.

Twajibu nini? Shtaka hilo lilikuwa na sehemu ya kweli. Masimulizi hayo ni ya zamani, wakristu wengi waliyapenda, hata mengine yamechorwa katika makanisa yetu. Bali si neno la Mungu, na msomaji wa Agra hakuwa na njia ya kutenga hili na lile. Mwenye kufundisha wageni yampasa awe mwangalifu kuliko mwenye kufundisha wenyeji, kwa sababu mgeni hupokea chote sawasawa. Hata hivyo De Dieu alikosa kuona jambo moja. Kwa miaka mingi hakuna Mzungu mwingine aliyekuwa ameketi na mwalimu wa Kiajemi mpaka maisha ya Yezu yakasomeka masikioni mwa mfalme. Ni rahisi kutoa nyasi katika shamba alilolima mwingine.

Kitabu kingine cha Padri Xavier, chenye mabishano ya dini, kilimalizika mwaka 1609. Mtaalamu mmoja wa Uajemi, Sayyid Ahmad Alavi, alikijibu kwa kitabu chake, na mwaka 1631 Padri Filippo Guadagnoli akamjibu huyo kutoka Roma. Mabishano hayo yalijaza rafu za vitabu. Bali kitabu kilichopambwa kwa dhahabu, kilichohifadhiwa kwa upendo hata mikononi mwa wasiokubali mafundisho yake, ni kile kilichosimulia tu maisha ya Bwana.

Kipimo

Turudi sasa kwa swali letu. Tukihesabu watu waliobatizwa katika ikulu ya Agra, hesabu ni ndogo, tena nyingine ilifutika. Akbar alikufa asipobatizwa. Abd al-Sattar, aliyeyajua maneno ya Injili kuliko wakristu wengi, alibaki Mwislamu. Katika kitabu chake cha mazungumzo ya usiku mbele ya Jahangir, cha kati ya mwaka 1608 na 1611, twamwona akibishana na mapadri walewale waliomfundisha. Wengine watasema kwamba alikuwa mwanafunzi asiye na shukrani. Sisi hatusemi hivyo. Alitoa alichoombwa, yaani lugha iliyo safi, akakitoa kikamilifu. Imani hakuwa ameombwa kuiuza. Tarehe 28 Oktoba 1965 Mtaguso wa pili wa Vatikano ulitangaza kwamba Kanisa lawaheshimu Waislamu, wanaomtukuza Yezu kama nabii ingawa hawamkubali kuwa Mungu, na wanaomheshimu Maria, Mama yake aliye Bikira. Mambo hayo Padri Xavier na mwalimu wake waliyagusa kwa vidole vyao miaka 363 kabla, kila walipotafuta neno moja litakalofaa wote wawili.

Mtume Paulo aliwaandikia Wakorinto kwamba mpanzi na mwenye kumwagilia maji si kitu, bali Mungu mwenye kuotesha. Twapenda kuyasikia maneno hayo tukiwa na mavuno. Ni magumu tukiwa hatuna. Katekista aliyefundisha kijijini miaka kumi, akaona darasa lake likipungua, aweza kudhani kwamba Mungu amemsahau. Basi amkumbuke mzee yule wa Agra, aliyejifunza lugha akiwa na mvi, akamwona mfalme wake akifa bila maji ya ubatizo, akaona vijana wake wakirudisha misalaba, na kanisa lake likifungwa kwa dhambi ya ndugu zake mwenyewe. Hakuandika kwamba kazi ilikuwa bure.

Nasi tunaosoma na kusali kwa Kiswahili tuna sababu nyingine ya kumkumbuka. Twasema Injili, malaika, roho, dini, kitabu, kalamu. Hayo yote ni maneno ambayo lugha yetu iliyapokea kwa jirani zake, kama Kiajemi kilivyoyapokea. Mababu waliokaa na wamisionari kando ya ziwa Tanganyika, wakiwaambia neno hili halisemwi hivi, lasemwa hivi, walifanya kazi ileile ya Abd al-Sattar, na majina ya wengi wao hayakuandikwa. Kila Jumapili twayatumia maneno waliyoyachagua.

Mwaka 2012 kitabu cha Cleveland kilichapishwa pamoja na picha zake na tafsiri ya maneno yake yote. Sasa hata asiyejua Kiajemi aweza kusoma kile alichosomewa Akbar. Kioo kimekaa miaka mia nne, nacho hakijavunjika. Atakayetazama ndani yake leo hataiona sura ya mfalme, wala ya padri, wala ya mwalimu. Ataiona sura ya Yule ambaye hao watatu, kila mtu kwa njia yake, walitaka kumjua.